Hewa Nyepesi, Uchafu Mzito

Injini yangu ilikuwa na tabia ya mgeni anayeaga bila kuondoka. Inapanda, inashuka mpaka unadhani inazima, inajikumbuka, inapanda tena: vuuuu, vu, vu, vuuuu. Ukikaa nayo dakika tano, na wewe unaanza kuhema kwa kuifuatisha. Mke wangu ana presha, akaniomba nisiiwashe kabla hajamaliza kunywa dawa.

Mafundi wana jina la hali ile injini inapowaka bila kuongezewa mafuta, imetulia tu inasubiri amri. Wanaiita sailensi. Injini yenye afya, ikiwa kwenye sailensi, hunguruma kwa mstari mmoja kama mwanakwaya wa besi. Yangu iliimba sauti zote nne peke yake, na haikungoja mwalimu wa kwaya.

Nianze na namna nilivyoipata, maana hapa mtaani kila anayeiona huanza na swali hilo. Ni mashine ya kukatia majani, ile ya kukaliwa kama trekta. Ina usukani, kiti cheusi cha plastiki, magurudumu manne na visu viwili chini ya tumbo. Mpwa wangu wa Dar es Salaam, ambaye riziki yake ni mitumba ya bandarini, aliikuta kwenye kontena lililotoka Marekani, imelaliwa na majokofu na baiskeli za watoto. Akanipigia simu. "Mjomba, umestaafu. Utakaa tu? Huu hapa mradi." Kiinua mgongo kilikuwa bado kinaniwasha mfukoni. Nikafikiria viwanja vya mpira vya shule, nyua za makanisa, bustani za maofisi. Nikapiga hesabu nyuma ya kiberiti, ikakubali. Hesabu ya nyuma ya kiberiti haijawahi kukataa.

Usafiri haukuwa tabu. Malori yanayokuja Rukwa kubeba mahindi mara nyingi hupanda huku yakiwa matupu, na dereva akipata mzigo wa njiani anaona kama zawadi. Mashine ikapita Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Laela, zaidi ya kilomita 1,000, imefunikwa turubai kama marehemu. Ikashushwa mbele ya nyumba yangu mjini Sumbawanga asubuhi moja ya mwezi wa 2, mvua ikinyesha na majani yakiwa yamefika kiunoni.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee jirani yangu, ambaye umri wake anaujua yeye na paroko aliyembatiza. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mwalimu, hili ni pawatila limekatwa kichwa?"

Hakuwa na kosa. Kaulimbiu ya serikali ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila, yale matrekta madogo ya kushikwa kwa mikono, ziliingia vijijini kwa wingi, na tangu hapo kila chenye injini na magurudumu madogo anakipima kwa kipimo hicho.

"Hapana, Babu. Hii inakata majani."

"Ya ng'ombe?"

"Hapana. Inayakata tu, yawe mafupi."

Akanyamaza. Kwa mtu aliyekulia Ufipa, jibu langu lilikuwa sawa na kumwambia nimenunua mashine ya kumwagia maziwa chini. Uwanda huu udongo wake umechoka, na wazee waliuokoa kwa majani. Mvua zikiwa zinaelekea kwisha, wanayakusanya yangali mabichi, wanayafunika kwa udongo katika matuta ya mviringo yanayoitwa ntumba, yanaozea humo, na msimu unaofuata yanakuwa mbolea. Kwa mzee yule, majani ni mali ya kuzikwa kwa heshima, na mimi nilitaka kuyanyoa.

"Zamani shuleni kwako yalikatwa na nani?" akauliza.

Swali lilikuwa na mwiba. Nimefundisha fizikia miaka 31, na miaka yote hiyo sikuhitaji mashine ya majani kwa kuwa nilikuwa na wanafunzi wachelewaji. Anayechelewa, slesha mkononi, kipande cha hatua kumi kwa kumi. Uwanja wetu ulipendeza sana. Ufaulu wa fizikia tuuache.

Basi nikawasha. Ikawaka kwa mkupuo mmoja, watoto wakapiga makofi, nikapiga resi, ikanguruma vizuri kabisa, moshi mwepesi, sauti ya mashine yenye adabu. Nikarudisha mafuta chini ili niwaeleze wananchi inavyofanya kazi. Vuuuu, vu, vu, vuuuu.

"Inaongea," akasema mtoto mmoja.

Kuanzia siku ile nikagundua kwamba mtaa wetu una mafundi wengi kuliko wakazi. Kijana wa bodaboda alisema plagi. Nikanunua plagi mpya. Vuuuu, vu, vu. Mwenye mashine ya kusaga akasema eakilina imeziba, injini haipati pumzi. Tukaitoa eakilina, tukaikung'uta, tukajaribu hata bila hiyo eakilina. Vuuuu, vu, vu. Mwingine akasema petroli imechakachuliwa. Nikamwaga tanki zima, nikajaza jipya kutoka upande wa pili wa mji. Ile ya zamani akaiomba kijana wa bodaboda, na pikipiki yake ikaenda nayo bila kukohoa wiki nzima. Kila aliyekuja, kabla ya kutoa hoja, alizungusha kidogo skrubu moja ndogo ya shaba iliyo ubavuni mwa kabureta. Mmoja alizungusha kulia, aliyefuata akazungusha kushoto, wa tatu akairudisha alikodhani ilianzia. Sijui kwa nini mkono wa mwanamume ukiona skrubu hauwezi kupita bila kuisalimia.

Mpwa wangu nikamweleza kwa simu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjomba, huku Dar ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Imeharibikia huko. Sasa huko kwenu tunakujua."

Hapo ndipo nilipochemka. Kila aliyetoka Sumbawanga na kuishi pwani anaufahamu mzigo huu. Ukisema unakotoka, mwenzako anavuta kiti nyuma kidogo, kisha anauliza kama ni kweli watu wa kwenu hutuma radi kwa anwani. Jina lenyewe la mji linatuchongea, maana tafsiri inayosimuliwa siku zote ni kwamba linamwamuru mtu atupe uchawi wake kabla hajaingia. Mimi husema huo ni ushahidi wa upande wetu, kwa kuwa mji umeweka tangazo la kukataza. Hakuna anayenisikiliza. Wanataka radi.

Na mtaani maneno yakaanza kunong'onwa. Mashine imekuja na mtu. Mashine imelala bandarini karibu na kitu. Mwalimu ana maadui, aliwafyekesha wengi. Mzee jirani hakusema lolote, alitabasamu tu, na tabasamu la mtu wa rika lile ndilo linaloogopesha kuliko maneno.

Nikaamua kuuokoa mtaa kwa sayansi.

Nilikuwa na jibu, tena zuri, na ningeapa mbele ya baraza la mitihani. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kanieneo yake ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam. Shahidi yuko jikoni. Maji hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo maana maharage ya Sumbawanga yanaweza kukaa jikoni mpaka mgeni akasahau alichokuja kuomba. Sasa kabureta ni chombo cha kuchanganya hewa na petroli. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inakimbia, kukimbia kwake kunavuta petroli kutoka kwenye kibakuli kilicho chini. Ukiipima kabureta pwani kisha ukaipandisha huku, hewa inapungua kuliko petroli, mchanganyiko unakuwa mzito, na injini inalewa. Mashine yangu, nikatangaza, hairogwi. Ni mgeni kutoka pwani, imepanda mlima, imeshindwa kuzoea.

Nilitoa mhadhara huo kijiweni, kwa mchoro mchangani. Nikaongeza na historia, maana mstaafu akipata wasikilizaji hawaachii upesi. Nikawakumbusha kwamba babu zao walikuwa wafua chuma mashuhuri, kwamba malungu yao, yale matanuru marefu kuliko mtu, yalikuwa na matundu kuzunguka sehemu ya chini na yalivuta hewa yenyewe bila mtu kupuliza mivukuto. "Wazee walijua kuisoma hewa ya uwanda huu," nikasema, "nyinyi mnakimbilia uchawi!" Wakatikisa vichwa. Mzee jirani akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Lakini malungu yalikuwa hayakimbizani na majani."

Nikarudi nyumbani, nikaishika ile skrubu ya shaba kwa bisibisi ya redio, nikaizungusha kupunguza petroli, kwa utulivu wa daktari. Robo mzunguko. Ikahema zaidi. Nusu. Ikahema na kupiga chafya. Nikajiambia ugonjwa hutapatapa kabla ya kutoka.

Jambo moja lilitokea siku hiyo ambalo nalieleza kwa aibu. Mjukuu wangu wa miaka 7 alikuwa amekalia kiti akijifanya dereva wa basi la Mbeya. Akavuta kitasa cha choki nusu. Injini ikatulia. Ikatulia kabisa, besi, mstari mmoja, mpaka mke wangu akachungulia dirishani kuuliza kama nimezima.

"Babu, nimeitengeneza!"

"Shuka hapo! Usiguse!" Nikamtoa kitini, nikairudisha choki mahali pake. Vuuuu, vu, vu, vuuuu. Afadhali, nikawaza. Fikiria, mtu aliyefundisha miaka 31, injini imemjibu swali mbele ya macho yake, na yeye akaisahihisha injini.

Nadharia nzuri inataka jaribio, nami nikabuni jaribio ambalo hadi leo linanipa fahari na maumivu kwa pamoja. Kama mwinuko ndio ugonjwa, dawa ni mteremko. Uwanda wa Ufipa umekaa kama meza kati ya maziwa mawili, magharibi Tanganyika, mashariki Rukwa, na yote mawili yako chini sana. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Nikamkodi mwenye pikapu, tukapakia mashine, tukaifunga kamba, safari ya Muze, chini bondeni.

"Kwa kuwa unashuka bondeni," mke wangu akasema, "leta mchele."

"Mama, ninakwenda kufanya utafiti."

"Utafiti hauliwi. Leta mchele."

Mwenye kuijua ile njia kutoka Ntendo kwenda Muze ataelewa kwa nini dereva alisali kwanza. Unaondoka kwenye ubaridi umevaa koti, barabara inafika ukingoni, halafu nchi inakatika. Chini unaona bonde lote limelala kwenye ukungu wa joto. Unateremka kwa kona zinazokutana zenyewe, masikio yanaziba, yanazibuka, koti linatoka, sweta linatoka. Kila masikio yangu yalipozibuka nilifurahi. Nikamwambia dereva, "Umesikia? Hewa inaongezeka!" Yeye alikuwa akisikiliza breki.

Muze palikuwa na jua la kukaangia. Tukaishusha mashine kando ya barabara, chini ya mwembe. Watu wakajaa kama kawaida, wauza ufuta, wachunga ng'ombe, akina mama wenye madebe ya mpunga. Nikawaeleza kwa kifupi tunachotarajia kuona: hewa nzito, mchanganyiko sawa, injini tulivu. Nikawasha.

Ilikuwa mbaya maradufu. Haikuhema tena, ilikuwa na degedege. Ilipanda mpaka kifuniko kikatetemeka, ikashuka mpaka ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena. Bibi mmoja mwenye debe la mpunga kichwani akatazama kwa huruma, akaniuliza natokea wapi.

"Sumbawanga."

"Aaa," akasema, na umati mzima ukasema "aaa" pamoja naye.

Nimesoma habari za safari nyingi za kisayansi. Yangu ndiyo pekee ninayoijua iliyorudi na gunia la mchele na mashine iliyo mgonjwa kuliko ilivyoondoka. Njiani kupanda, dereva alikuwa na adabu ya kunyamaza hadi tulipofika juu kwenye baridi. Ndipo akasema taratibu, "Mwalimu, kuna kijana anatengeneza pikipiki kule karibu na stendi. Mpelekee tu."

Sikuipeleka. Kijana mwenyewe alikuja, kesho yake, asubuhi na mapema, mfuko wa spana begani. Nilimkuta uani na mzee jirani, wanazungumza kwa sauti ya chini wakiitazama mashine. Mzee alipoona nimetoka, akajifuta mikono kwenye koti, akasogea kando.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Umewahi kutengeneza mashine za kukata majani?"

"Sijawahi kutengeneza, Mwalimu. Nimewahi kuwa." Akatabasamu. "Kidato cha pili, nilikuwa nachelewa sana. Kile kipande cha nyuma ya maabara kilikuwa changu."

Nilitazama miti. Yeye akainama akaanza kazi, kwanza kwa masikio. Akaiwasha, akaiacha iheme, akapiga resi, akasikiliza, akarudisha chini. Hakugusa skrubu. Nilimwangalia kwa makini: mkono wake ulipita karibu kabisa na ile skrubu na haukuisalimia. Hapo nikajua nina mtu.

"Ukiikanyagia iko sawa. Ukiiachia ndiyo inahangaika. Umejaribu kuvuta choki?"

Mjukuu wangu, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha uji wa ulezi, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mkaguzi wa shule.

"Imewahi kuvutwa," nikasema.

"Ikafanyaje?"

"Ikatulia," mjukuu akajibu kwa niaba ya familia.

"Basi ina njaa," akasema fundi. "Choki inabana hewa, petroli inazidi. Kama ikizidishiwa petroli inatulia, maana yake haikuwa imelewa. Ilikuwa haijala."

Akaanza kufungua. Alitandika gunia, kila nati aliyoitoa akaiweka kwa mpangilio alioitolea, kama mtu anayeandika sentensi atakayoisoma kinyumenyume baadaye. Kabureta ikatoka. Akafungua kibakuli cha chini kilichokuwa na boya. Ndani, petroli ilikuwa safi, lakini sakafu ya kibakuli ilikuwa na utando wa rangi ya chai ya rangi, unang'aa, unanata kidoleni. Akanipa ninuse. Ilinukia kama rangi ya mlango.

"Hii ni petroli ya Marekani, Mwalimu. Iliachwa humu. Imekaa stoo, imekaa melini, imekaa bandarini. Petroli ikikaa inakauka, inabaki gundi."

Kisha akatoa kitu ambacho hata sasa nikikumbuka najiona mdogo. Kipande cha shaba kama kichwa cha msumari, chenye tundu katikati. Akakiinua juani, akaniambia nichungulie. Nilivaa miwani. Sikuona kitu. Akachukua kingine, jeti kubwa, nikachungulia, nikaona jua kama nyota. Nikarudi kwenye kile kidogo. Giza.

"Hiyo ndiyo jeti ya sailensi," akasema. "Injini ina njia mbili za chakula. Ukikanyaga mafuta inakula kwa hiyo kubwa, ndiyo maana ilikuwa inanguruma vizuri. Ukiachia, inakula kwa hii ndogo peke yake. Imeziba. Sasa inataka kuzima, gavana anaona mzunguko umeshuka, anafungua mlango wa hewa, inaonja ile kubwa, inapanda, gavana anafunga, inarudi kwenye njaa. Ndiyo hiyo vuuuu, vu, vu unayoisikia."

Akachomoa uzi mmoja kutoka kwenye waya wa klachi uliokatika, mwembamba kama unywele wa mvi. Akauingiza kwenye tundu kwa vidole viwili, taratibu, asipanue tundu, akauzungusha, akautoa na kijichembe cheusi ambacho kuku angekidharau. Akapuliza, akaniinulia tena juani. Safari hii nyota ndogo sana ikanikonyeza.

Lile tundu nusu milimita lisingefika. Plagi, tanki la petroli, pikapu, mteremko wa bonde zima, mhadhara juu ya malungu, heshima ya mji wa Sumbawanga, vyote vilikuwa vimening'inia hapo.

"Lakini mwinuko," nikasema, maana mwalimu hafi bila kunukuu. "Hewa nyepesi. Hilo ni kweli."

"Ni kweli, Mwalimu. Huku juu mchanganyiko unakuwa mzito. Na yako ilikuwa na njaa. Kwa hiyo huku juu hewa nyepesi ndiyo iliyokuwa inakusaidia, inaifichia. Wewe ukapunguza na skrubu. Halafu ukaipeleka bondeni." Akanyamaza kidogo, kwa heshima. "Hewa nyepesi ulitufundisha. Uchafu hukutufundisha."

Niliketi kwenye ndoo. Kumbe nadharia yangu haikuwa ya uongo, na hapo ndipo palipouma. Uongo ungenisamehe, ningesema nilidanganywa. Hii ilikuwa kweli tupu iliyokaa mahali pasipo pake. Niliwacheka majirani kwa kuruka moja kwa moja kwenye uchawi, kumbe nami niliruka moja kwa moja kwenye milima. Wao walitaka sababu kubwa yenye kutisha, mimi nilitaka sababu kubwa yenye kanuni. Hakuna aliyetaka kijichembe. Kijichembe hakisimuliki kijiweni, hakina historia, hakimpi mtu heshima.

Fundi akarudisha kila kitu, nati ya mwisho kwanza. Skrubu akaifunga hadi mwisho, akaifungua mzunguko mmoja na nusu, akawasha, akasikiliza, akaongeza kidogo sana, akaacha. Injini ikatulia. Besi, mstari mmoja. Mke wangu akatoka nje na kikombe cha maji na vidonge vyake, akasimama, akasikiliza, akanywa. Fundi alidai pesa kidogo kuliko nilizotumia kwa plagi. Nilipomwongezea akakataa. "Mwalimu, nikichelewa tena nitakuja kufyeka."

Saa 4 nikaikalia mashine mbele ya mtaa mzima, nikazunguka kiwanja changu, majani yakaruka ubavuni yakalala mistari kama daftari. Nilijiona Marekani. Nilipozima, mzee jirani alikuwa tayari uani na mkokoteni na wajukuu wawili wenye reki.

"Hamjambo, Babu. Vipi?"

"Nimekuja kuchukua haki yangu. Majani haya yanatosha ntumba nane au tisa."

"Haki gani?"

"Ya tiba." Akaniangalia kwa macho safi kabisa. "Asubuhi, kabla hujaamka, niliitemea maji kwenye gurudumu la nyuma, nikaiambia imefika, ikae kwa amani. Yule kijana ni shahidi, tulikuwa wote. Na umeona imetulia."

"Babu, ilikuwa jeti! Ilikuwa imeziba! Nimeiona kwa macho yangu!"

"Jeti sikatai," akasema. "Lakini nakuuliza wewe mwenye fizikia. Leo asubuhi kijana amezibua. Amezungusha na skrubu. Na mimi nimesema na gurudumu. Umejuaje ni kipi?"

Nilifungua mdomo. Kwa miaka 31, ubaoni, kwa chaki, huku nikigonga meza, niliwaambia watoto wa watu wasibadilishe vitu viwili katika jaribio moja, sembuse vitatu. Mzee alisubiri jibu dakika nzima, akitabasamu lile tabasamu lake. Kisha akawapa ishara wajukuu, wakaanza kukusanya.

Tangu hapo kila ninapokata majani mkokoteni unakuja wenyewe. Ntumba zake msimu huu ni nzuri, nimeziona. Mashine haijahema tena. Na nikiwa peke yangu, kabla sijaiwasha, kuna neno moja dogo huwa naliambia gurudumu la nyuma. Si kwamba naamini. Sitaki tu kubadilisha kitu kinachofanya kazi.